TAHADHARI: Nimeuziwa stata yangu mwenyewe hapa Malindi

Kwanza nina hasira, kwa hiyo nikipayuka mnistahimilie. Na aibu ninayo pia. Mke wangu anacheka tangu Jumamosi hajanyamaza, na watoto sasa wananiita Mzee wa Eksi Japani (ndivyo tunavyoziita spea zilizotumika huko Japani). Bora nichekwe na Malindi nzima kuliko mwenzangu mwingine aingie kile kibanda na atoke kama nilivyotoka mimi.

Elfu kumi na tano. 13,500 za stata, ile mota ya kuwashia injini, na 1,500 za kufunga. Kwa stata yangu! Ile ile iliyotolewa kwenye Hilux yangu, ikapakwa rangi, ikarudishwa kwenye Hilux yangu, na mimi nimesimama pembeni nasema ahsante.

Haya, sikilizeni.

Jumanne ile nilitoka Ngomeni na makasha manne ya samaki, changu na tasi na kolekole wawili wakubwa, ya yule mteja wa Watamu (mnamjua, yule anayefunua kasha kuangalia barafu kabla hajakusalimia). Nikasimama mjini kushusha kasha moja, dakika tano tu. Nikarudi, nikawasha. Injini ikashika pale pale, dizeli ya mzee haina maneno. Nikaachilia ufunguo. Stata haikuachia. Wenye magari ya zamani mnaujua mlio ule, chuma kinasaga chuma, kama msumeno umekutana na msumari. Nikazima. Injini ikafa, lakini stata inaendelea kuizungusha. Nikachomoa ufunguo, nikabaki kuutazama kiganjani kama mwehu. Ufunguo huu hapa, na gari inajipiga stata yenyewe!

Watu wakajaa. "Toa betri! Toa betri!" Spana namba kumi, ambayo siku zote iko chini ya kiti, siku hiyo haipo. Temino ya betri imeshapata moto, harufu ya mpira imeanza kupanda. Hapo ndipo alipotokea. Alikuja na spana yake mkononi, hakusema neno, akalegeza nati, akang'oa temino. Kimya. Akafuta mikono kwa kitambaa, ndipo akanisalimia: "Assalaam alaykum, ami."

Sasa niambieni. Mtu amekuokolea gari mbele ya macho yako, utaanzaje kumshuku? Kijana ana adabu, ana kofia, ananiita ami, kibanda chake kiko hatua hamsini tu na kina ubao wenye maandishi mazuri. Nikamwuliza bei ya kuangalia, akasema, "Sitaki pesa yako mpaka uwashe mwenyewe uridhike." Mimi ninayebishana na mafundi mpaka mate yanikauka, neno hilo lilinimaliza.

Akaishusha stata. Akaiweka chini, akaikanyaga kwa kiatu, akaleta betri yake na waya mbili nene. Akagusa, ikazunguka. "Unaona, ami? Ule waya mdogo unaoleta umeme wa ufunguo sijaugusa kabisa, na bado inazunguka. Shaba za ndani ya solenoidi, hii swichi ya stata, zimegandana. Hii imekufa."

Na jambo lenyewe si la kubuni. Betri ikiwa dhaifu, zile shaba hurukiana cheche, huyeyuka kidogo, zikashikana zisiachane. Nilishawahi kulisikia kwa mafundi wengine. Basi nikawa natikisa kichwa kama mhandisi.

Akasema ana mwenzake mwenye stata za eksi Japani, lakini lazima aende na yangu wakafananishe meno. "Wewe nenda kaswali Adhuhuri, ami, ukirudi utaikuta." Nikaenda. Nikapakia samaki kwenye tuktuk, 1,500 nyingine hizo, nikawapeleka Watamu, nikaswali, nikarudi. Saa mbili hivi zilipita.

Nikaikuta imefungwa kwa gazeti. Nyeusi, inang'aa. Niliishika, vidole vikabaki na weusi. Harufu ya rangi ikanipiga puani, na WALLAHI niliuliza! Nikasema, "Mbona kama imepakwa rangi leo?" Akacheka kwa upole. "Hiyo ni dawa ya kutu, ami, huko Japani hupaka kabla ya kupandisha melini." Nikakubali. Vidole vyangu vyeusi, pua yangu inaniambia rangi, na mimi nikakubali.

Akafunga. Tukawasha mara tano, ikashika na kuachia vizuri kabisa. Alianza 18,000, nikajiona mjanja kumteremsha mpaka 13,500. Akasema nitume kwa namba ya mke wake. Jina lililotokea kwenye simu kabla sijathibitisha lilikuwa la mwanamume. Nililiona. Nikabonyeza. Risiti hana, kitabu kimekwisha. Garanti miezi mitatu, ya mdomo. Stata yangu ya zamani akasema ataitupa yeye, nisijichafue na chuma chakavu, na mimi nikamshukuru kwa hilo pia.

Siku nne. Jumamosi nikiwa Mambrui, mlio ule ule. Safari hii spana ninayo.

Kuna mzee pale Mambrui, fundi wa umeme wa magari tangu sisi watoto. Alikuja na taa yake ya kupimia, ile yenye sindano na waya, na kigoda cha kukalia. Hakushusha kitu. Alichomoa kale kawaya kembamba kanakoingia kwenye solenoidi, akaniambia nirudishe temino. Nikairudisha nimefumba macho. Kimya. Akasema, "Ingekuwa solenoidi imegandana, sasa hivi ingekuwa inalia, waya huu uwepo usiwepo." Kisha akachoma sindano ya taa kwenye kale kawaya. "Ufunguo uko wapi?" Nikamwambia mfukoni. Taa inawaka! Ufunguo uko mfukoni mwangu na umeme unakuja kama vile mtu ameukamata kwenye kuwasha.

Swichi ya ufunguo, jamani. Kile kisehemu cha nyuma ya kitasa. Kimeliwa kwa ndani, kikipata joto kinashika, kikipoa kinaachia. Ndiyo maana kwa yule mwizi iliwaka vizuri mara tano, ilikuwa imeshapoa saa mbili nzima. Swichi nimenunua 1,700. Mzee alichukua 500, na nililazimika kumtia mfukoni.

Nikamsimulia lile onyesho la kukanyaga stata chini. Akauliza swali moja tu: "Meno yaliruka mbele?" Nikakumbuka. Hayakuruka. Ilizunguka tu, yale meno yanayotoka kwenda kushika gurudumu la injini yamekaa ndani. Akacheka mpaka akakohoa. Stata ina boliti mbili kubwa, moja ya kuingiza umeme wa betri, moja inapeleka kwenye mota. Ukigusa ile ya mota, hata stata mpya ya dukani itazunguka, kwa sababu solenoidi umeiruka. Na shaba zikiwa zimegandana kweli, meno hubaki nje. Kijana alichagua boliti, na mimi nimesimama natikisa kichwa.

Mzee akasema hebu tuishushe tuone kama haijaungua, maana stata ni ya kuzunguka sekunde chache, si ya kulia dakika nzima. Akafungua nati ya waya mnene. Akaniita. "Mwanangu, hii nyekundu ni nini?"

Mwaka jana nati ile ilikuwa inaota kutu kwa maji ya chumvi yanayodondoka kwenye makasha. Nilichukua rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, nikapaka kuizunguka boliti. (Nilipigiwa kelele siku ile kwa kichupa hicho, majirani ni mashahidi.) Fundi yule alipuliza rangi yake nyeusi nati ikiwa imefungwa, chini yake hakufika. Nyekundu ile pale, na mpaka ile nyuzi ya brashi iliyonasa.

Nilikaa chini kwenye mchanga. Sikusema kitu.

Nilimpigia. Akanijibu, "Ami, si uliondoka inafanya kazi?" Na kwa kweli iliondoka inafanya kazi, ndilo linaloniuma! Nilipotaja rangi ya kucha, simu ikakatika, na tangu hapo haipatikani. Jana nimekwenda kibandani, kufuli. Ubao ameung'oa.

Sasa mtu kama huyu afanywe nini? Binamu yangu wa mahakamani ananiambia kujipatia pesa kwa udanganyifu ni kifungu cha 313 cha sheria ya makosa ya jinai, kifungo hadi miaka mitatu. Mitatu ni michache. Mimi ningependa asimamishwe sokoni Ijumaa watu wakitoka msikitini, stata shingoni, na kila anayepita amwulize bei. Na mafundi wenzake pale mnaomjua mkanyamaza, ninyi pia mna yenu. Mnasema njaa. Mimi sina njaa? Watoto wangu wanakula barafu?

Dalili zilikuwepo, siwezi kusema hazikuwepo. Rangi mbichi. Pesa kwenda kwa jina jingine. Spea yako kuondoka machoni pako, hiyo ndiyo kubwa, msikubali, na ya zamani mrudi nayo nyumbani hata kama ni chuma tu. Na stata ikikataa kuachia, temino kwanza, halafu kawaya kembamba kachomolewe mbele yenu kabla mtu hajashusha chochote. Mengine nitakumbuka nikitulia.

Jina silitaji hapa, nisije nikageuziwa kesi. Ila Jumatatu saa tatu asubuhi naenda kituo cha polisi kuandikisha, na stata naibeba kama ilivyo, nati imefunguliwa. Tayari watu wawili wameniambia walifunga "eksi Japani" pale pale. Kama nawe uko, njoo na meseji yako ya M-Pesa, tulinganishe lile jina la "mke".