Kurudisha weusi wa nywele baada ya blichi: uzoefu wangu Mombasa

Nilitaka kahawia ya asali, ile inayoonekana tu mtu akisimama juani. Saluni ya kwanza, ambayo siitaji jina, ilinitoa na rangi mbili: mizizi ya manjano iliyopauka, na chini yake chungwa la kutu hadi kwenye ncha, nazo zimekauka kiasi cha kukatika kila nikipitisha chanuo. Nilijifunga mtandio hata nyumbani. Ninayetaka kumwandikia hapa ni msusi wa pili, aliyenirudishia nywele zangu, kwa sababu nilipokuwa nahangaika sikupata mtu wa kunieleza kazi hii inafanywaje kwa nywele zetu za kipilipili.

Saluni yake ni chumba kimoja Majengo: viti viwili, feni ya ukutani, beseni la kuoshea. Ni mwanamke wa makamo, sote tunamwita anti. Siku ya kwanza hakugusa rangi kabisa. Alinikalisha karibu na dirisha, akalowesha unywele mmoja wa utosini, akauvuta taratibu kwa vidole. Ukanyumbuka kama mpira uliolegea, haukurudi. Akavuta mwingine wa chini kabisa kisogoni, ambako blichi haikufika. Huo ulinyooka, alipouachia ukajikunja tena kama kawaida.

“Mwanangu, leo sikupaki kitu. Nywele hizi zina njaa.”

Basi tukaanza na kuzitibu: stimu ya protini, kondishena nzito, na mafuta ya nazi usiku wa kuamkia siku ya kuosha. Mafuta ya nazi bibi zetu walijua kazi yake. Kuna utafiti uliochapishwa 2003 ulioyalinganisha na ya alizeti, ukaona ya nazi ndiyo yanayopunguza protini inayopotea unywele unapooshwa, kwa kuwa yanapenya hadi ndani.

Nikiwa chini ya stimu nilimuuliza kwa nini rangi ilinitoka vile. Blichi, akasema, hula weusi wa unywele, lakini nywele nyeusi haziruki moja kwa moja hadi asali. Hupita kwenye wekundu, kisha chungwa, kisha manjano. Joto la ngozi ya kichwa huharakisha kazi hiyo, ndiyo maana mizizi hupakwa mwisho. Kule kwa kwanza walianzia mizizini, kisha wakaniweka chini ya draya.

Ushauri wa mtaani ulikuwa mwingi, na wote kwa nia njema. Jirani alisema hina. Lakini hina halisi hutoa wekundu, na juu ya nywele zilizopauka ningezidi kuwaka. Mwingine akasema piko. Hilo nililikataa mapema. Piko nyeusi ina kemikali iitwayo PPD, na nimeona mikono ya bi harusi ikivimba na kutoa malengelenge kwa sababu yake. Rangi nyingi za saluni zinayo pia, kwa hiyo anti alinipaka tone moja nyuma ya sikio, akaniambia nirudi baada ya saa 48. Sijawahi kufanyiwa hivyo saluni nyingine yoyote.

Siku ya rangi yenyewe nilitarajia nyeusi tititi. Akachukua unywele wangu wa kisogoni, akauinua dirishani penye jua, akanionyesha: kahawia iliyokoza, siyo nyeusi. Nyeusi ya kopo ingepishana na nywele zinazoota, na kuiondoa baadaye ni kazi ngumu. Akatanguliza rangi ya shaba, kwa kuwa nywele zilizochujwa wekundu wake wote zikipakwa rangi ya giza moja kwa moja hutoka kijivu cha matope au kijani kibichi. Juu ya shaba ndipo akapaka kahawia yenyewe, isiyo na amonia na yenye peroksaidi hafifu, ile dawa inayochanganywa na rangi ili ishike. Alipoziosha na kunipa kioo nilitafuta ule mstari wa manjano utosini, sikuuona.

Nililipa shilingi 3,500 za rangi. Stimu ni mbali.

Kasoro ipo. Rangi ya aina hii hutoka polepole, na kwetu hutoka haraka zaidi: maji ya kisima yana chumvi, jua ni kali, na mimi bahari siiachi. Ncha zilianza kurudi kutu, nikarudi akapaka ncha peke yake. Sasa kabla ya kuingia majini nalowesha nywele kwa maji ya bomba na kuzipaka mafuta, na zinakaa vizuri zaidi. Tena anti hakunidanganya kuhusu muda. Unywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo sentimita 20 zilizochomwa zinahitaji zaidi ya mwaka mmoja na nusu kutoka zote. Anazipunguza kidogo kidogo, na amekataa kunisuka rasta za kubana, maana unywele hukatikia pale mpya unapokutana na ule wa blichi. Ananisuka twende kilioni za kulegea, basi.

Hana miadi ya simu. Ijumaa na msimu wa harusi utangoja hadi uchoke, na umeme ukipotea stimu husimama. Nenda katikati ya juma, asubuhi, na umwambie kila kitu kilichowahi kupita kichwani mwako, hata hina ya pakiti. Baadhi ya hizo zina chumvi za madini, na zikikutana na peroksaidi unywele unaweza kupata moto na kukatika palepale. Atakuuliza mwenyewe kabla hajafungua kopo.