Gari la kukodi, kioo kimoja na mbung'o wa Ruma

Kama unataka kukodi gari lenye hema juu ya paa hapa Kisumu, soma kwanza ndipo utume dipoziti. Jina la kampuni silitaji, maana kwa hasira hii nitaandika yasiyoandikika.

Safari ilikuwa ya mbuga ya Ruma, kule Bonde la Lambwe, Homa Bay. Mimi, wifi yangu na watoto. Tulipita Katito na Kendu Bay tukiimba. Langoni askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, walitupokea vizuri, na mmoja akatuonya: fungeni vioo, mbung'o wa hapa hawana adabu.

Nikabonyeza swichi. Kioo cha mbele, upande wa abiria, kikagoma. Nikazima gari, nikawasha tena. Wifi akakivuta kwa viganja. Wapi! Ndiyo kwanza kikazama ndani ya mlango.

Asiyemjua mbung'o asidhani ni inzi tu. Anauma mchana kweupe, anakutoboa juu ya jinzi, na hufuata chochote kinachosogea, hasa kikiwa cha buluu au cheusi. Ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo. Haya, kisia gari letu lilikuwa la rangi gani. Buluu iliyokoza! Mtu anakodisha magari ya kambi Kisumu, anajua fika wateja wanaelekea Ruma, halafu anawapa mtego wenye magurudumu.

Nikapiga simu. Kijana wa ofisini akaniambia, "Mama, hicho kioo kilitoka hapa kizima. Hamna leso mzibe?"

Nikamwambia, "Kijana wangu, watoto wanaumwa humu. Nitumie fundi."

Akacheka. Naapa alicheka. "Fundi aje mpaka Ruma, mama? Si mngeenda tu hifadhi ya Impala hapa mjini!"

Mbung'o walituuma, sawa, vipele vimepona. Kicheko kile bado kinaniwasha.

Tuliziba kwa leso na seloteipu ya watoto. Na hapo lazima niseme kweli: tukiwa tumesimama kimya tunahangaika na mlango, swala korongo wakatoka kwenye nyasi ndefu, pembe zimepinda nyuma, uso mweusi kwa mweupe kama wamevaa barakoa. Kenya nzima hawajabaki porini kwingine ila Ruma. Wifi alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. Jioni mvua ikapiga, ule udongo mweusi ukageuka sabuni, lakini gari lilipita bila kukwama. Hema halikuvuja hata tone. Usiku mbung'o wametulia, watoto wamelala fofofo, nami nikaanza kuwaza labda nimewaonea hawa watu. Nyota tatu, nilijiambia. Hata nne, wakitengeneza kioo.

Tukarudisha gari. Yule yule kijana akazunguka mlangoni, akapitisha kidole, akatikisa kichwa. Wamekata dipoziti yangu. Kisa? Gundi ya seloteipu imechafua rangi!

Nyota moja, na hiyo ni ya hema.

Wifi anasema gari lilikuwa imara, Desemba tukodi tena twende mbuga ya Saiwa tukaone nzohe, wale swala wa kinamasi. Huko Kitale angalau hakuna mbung'o wa Lambwe. Nimemwambia sawa, ila simu atapiga yeye, na kabla hajalipa avipandishe vioo vyote vinne mbele ya yule kijana.