Pulaski: tathmini ya shoka-jembe kwa anayeandaa njia ya mbio ndefu za porini

Mbio zinazozidi urefu wa marathoni, yaani zaidi ya kilomita 42.195, huandikwa sana kutoka upande wa mkimbiaji: viatu, mikoba ya maji, taa za kichwani. Zana zinazoitengeneza njia yenyewe hazitathminiwi mara nyingi, ingawa zina mchango mkubwa katika kuamua kama mtu aliyekesha akikimbia atafika mwisho akiwa na vifundo vizima. Kwa sababu hiyo nimeona niandike kuhusu Pulaski, zana ya mkono ambayo nimeitumia kuandaa njia za mbio za aina hiyo, na ambayo naamini inastahili kununuliwa kwanza na kikundi chochote kinachoanza kazi hii, mradi kikundi hicho kielewe inafaa wapi na inakwama wapi.

Pulaski ni kichwa kimoja cha chuma chenye makali mawili. Upande mmoja ni shoka la kawaida. Upande wa pili ni jembe jembamba lililokaa kukingama na mpini, lenye upana wa takriban sentimita 7 hadi 8. Mpini uliozoeleka una urefu wa inchi 36, yaani sentimita 91 hivi, na zana nzima haifiki kilo 3. Jina lake limetokana na Edward Pulaski, askari wa misitu wa Marekani aliyekuwa na kituo chake Wallace, katika jimbo la Idaho. Wakati wa moto mkubwa wa Agosti 1910, ulioteketeza takriban hekta milioni 1.2 za misitu na kuua watu zaidi ya 80, Pulaski aliwaingiza vibarua wake, waliokuwa zaidi ya 40, ndani ya handaki la mgodi, na wengi wao wakaokoka. Zana za mfano huo zilikuwapo kabla yake, lakini anatambuliwa kuwa ndiye aliyelikamilisha na kulieneza umbo tunalolitumia leo katika miaka iliyofuata moto huo. Asili hiyo inamhusu moja kwa moja mwandaaji wa njia, kwa kuwa mzima moto wa msituni na mtengeneza njia wana shida ileile: wanatembea mbali, wanakutana na mzizi na udongo mahali pamoja, na hawawezi kurudi kambini kila mara kubadilisha zana.

Shida hiyo huwa kubwa zaidi pale ambapo njia inapita katika hifadhi ya nyika. Nchini Marekani, sheria ya maeneo ya nyika ya mwaka 1964 inazuia kwa kawaida matumizi ya vifaa vya injini ndani ya maeneo yaliyotengwa, na hata mahali ambapo hakuna katazo kama hilo, kubeba msumeno wa injini na mafuta yake kwa kilomita nyingi za mlima ni kazi inayokula nguvu za wanaojitolea kabla hawajakata hata tawi moja. Pulaski moja inachukua nafasi ya shoka na jembe, na mtu mmoja anaweza kuibeba kwa mkono mmoja kutwa nzima.

Anayeandaa njia kwa mara ya kwanza hudhani kwamba adui yake ni majani na matawi. Majani huonekana, na kuyafyeka kunaleta fahari ya haraka, kwa hiyo vikundi vingi hutumia siku nzima kwenye majani na kuondoka. Adui wa kweli ni maji. Njia inayokanyagwa hudidimia katikati, na udongo unaosukumwa na miguu hujikusanya kwenye ukingo wa upande wa bondeni hadi ukawa tuta dogo. Mvua ikinyesha, maji hayawezi tena kuvuka njia na kuteremka bondeni, bali hukimbia ndani ya njia yenyewe, yakichimba mfereji na kuacha mawe na mizizi juu. Siku ya mbio, mamia ya miguu hupita hapo kwa saa chache. Wa kwanza hukanyaga tope, wa katikati hulikwepa kwa kupita pembeni, na wa mwisho hukuta njia imepanuka mara mbili na mimea ya kandokando imelala chini. Kwa hiyo tuta hilo la ukingoni ndilo la kushambuliwa kwanza, na hapo ndipo jembe la Pulaski linapoonyesha thamani yake.

Kazi yenyewe huenda hivi. Unatafuta mahali ambapo maji yameacha alama, yaani mchanga laini uliotulia au majani makavu yaliyolazwa kuelekea upande mmoja, kisha unasimama kwenye njia ukiangalia bondeni na kulikata tuta kwa jembe, ukilivuta kidogo kidogo mpaka upate mlango wa maji wenye umbo la nusu duara, mpana upande wa bondeni na mwembamba upande wa ndani. Baada ya hapo unaushusha uso wa njia ili uiname kuelekea bondeni; mwinamo wa asilimia 5, yaani sentimita 5 kwa kila mita ya upana, unatosha kuyatoa maji bila mkimbiaji kuhisi kifundo chake kikipinda. Makali ya jembe la Pulaski ni membamba kuliko ya jembe la shamba, na wembamba huo ndio faida yake: yanaingia kwenye udongo ulioshikana kwa mapigo mafupi, na yakikuta mzizi ndani ya tuta, unageuza kichwa mkononi, unaukata kwa shoka, na kuendelea bila kuinua mguu. Nimejaribu kufanya kazi hiyohiyo kwa jembe na shoka zilizotengana, na tofauti haiko kwenye nguvu ya pigo bali kwenye mfululizo wa kazi, kwa sababu kila unapoweka zana moja chini na kuokota nyingine unapoteza mkao wako na pumzi yako.

Kuhusu mizizi nina msimamo ambao si kila mtu anaukubali. Mzizi unaokatiza njia kwa kukingama, ukiwa umeshika udongo nyuma yake kama kidato cha ngazi, mimi nauacha. Mzizi huo unazuia mmomonyoko, na mkimbiaji anauona. Mzizi wa hatari ni ule unaolala sambamba na njia, hasa ukiwa umechubuka gome na kulowa, kwa kuwa mguu unaoukanyaga huteleza kando. Na ule uliokatika zamani ukabaki umechomoza sentimita chache kutoka ardhini. Katika mbio za kilomita 160, mtu aliyekimbia zaidi ya saa 20 hainui tena mguu wake kama alivyouinua alfajiri. Unyayo wake unapita juu ya ardhi kwa nafasi ndogo sana, na taa ya kichwani inafuta vivuli ambavyo mchana vingemwonyesha kichomozi hicho. Kwa kichomozi cha aina hiyo shoka la Pulaski pekee halitoshi: fukua kwanza kwa jembe, kata chini ya usawa wa udongo, kisha rudishia udongo na kuushindilia. Ukikata juu ya ardhi kwa mshazari unaacha mkuki, jambo ambalo ni baya kuliko ulichokikuta. Mizizi minene iliyo karibu na shina isikatwe kabisa, kwani inaushikilia mti unaoilinda njia.

Sasa nieleze mahali ambapo zana hii haifai. Kwenye mawe ni dhaifu: jembe lake huruka, na mtu anayeligeuza shoka kuwa nyundo au mtaimbo huharibu makali kwa pigo moja. Ardhi ya mawe inataka sululu. Kwa magogo yaliyoanguka pia siipendekezi, isipokuwa matawi na miti myembamba, kwa sababu kichwa chake kimesawazishwa kwa ajili ya kazi mbili na hivyo hakikati kama shoka halisi. Msumeno wa kukunja wenye meno yanayokata unapovutwa unamaliza gogo la unene wa paja kwa usalama zaidi na kuacha uso laini. Kumalizia nako si kazi yake. Jembe jembamba huacha uso wa njia ukiwa na mikwaruzo na mabonde madogo, na mtu akijaribu kuusawazisha kwa Pulaski hujichosha bure. Kwa kazi hiyo ipo zana nyingine iliyobuniwa mwaka 1905 na Malcolm McLeod, naye askari wa misitu wa Marekani, yenye reki nzito upande mmoja na jembe pana upande wa pili. Ndiyo inayokusanya udongo, kuutandaza na kuushindilia. Anayezitumia hizi mbili pamoja, mmoja akitangulia kuchimba na mwingine akifuata kusawazisha, hatatamani kurudi kwenye zana moja.

Lipo jambo la usalama ambalo muuzaji halisemi. Unapochimba kwa jembe, makali ya shoka yanaelekea juu, kwenye uso wako. Kichwa kikigonga jiwe lililofichika na kuruka, shoka ndilo linalokujia. Kwa hiyo zana isiinuliwe juu ya mabega. Mapigo yawe mafupi, kutoka usawa wa kiuno, miguu ikiwa imetanuka na mgongo umenyooka. Watu wafanye kazi wakiwa wameachana angalau mita 3, wavae kofia ngumu, glavu na miwani ya kinga, na anayetaka kumpita mwenzake amwite na kusubiri ajibiwe. Wakati wa kutembea, Pulaski haibebwi begani. Inashikwa karibu na kichwa, mkono ukiwa umenyooka ubavuni upande wa bondeni, ili mtu akiteleza aitupe mbali naye asiiangukie.

Katika kununua, tazama mpini kabla ya chuma. Mpini wa mti wa hikori ndio ninaoupendelea, kwa kuwa hupunguza mtetemo unaofika viwikoni na unaweza kubadilishwa. Mistari ya mti ikimbie sambamba na urefu wa mpini, isikatike kwa mshazari karibu na kichwa, kwa maana hapo ndipo utakapovunjika. Mpini wa faibaglasi huvumilia unyevu, lakini mikono huchoka mapema. Niliwahi kutumia Pulaski ya bei ya chini ambayo kichwa chake kilianza kucheza baada ya kazi ya muda mfupi tu, na nikaona watu wakiiloweka majini usiku ili mti uvimbe. Dawa hiyo ni ya uongo: mti ukikauka husinyaa kuliko ulivyokuwa, na kichwa huzidi kulegea. Gongea kabari upya, kisha upake mpini mafuta ya kitani. Kampuni ya Council Tool ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1886, hutengeneza Pulaski ambazo chuma chake kinapokea makali vizuri kwa tupa na kuyatunza, ingawa kwa kawaida shoka lolote jipya linahitaji kunolewa kabla ya kwenda kazini. Noa pande zote mbili, ukifuata mshazari wa kiwandani, na kinga ya ngozi isikosekane wakati wa kusafiri.

Muda nao unaathiri matokeo ya zana hii. Udongo uliofukuliwa juma la mbio utageuka vumbi au tope chini ya miguu ya kwanza. Uliofukuliwa majuma kadhaa mapema, ukapata mvua na nyayo chache, huwa mgumu na wa kuaminika. Kwa hiyo kazi ya Pulaski itangulie, halafu ufyekaji, na utepe wa kuonyesha njia ufungwe siku za mwisho. Kwa kikundi cha watu sita ningechukua Pulaski tatu, reki mbili za McLeod na msumeno mmoja wa kukunja, na tupa ndani ya mkoba wa kiongozi.