Mshahara haujaingia: uvunje mkataba au ubaki udai?

Vijana wanaocheza soka hapa Dodoma huniuliza swali hili tukitoka Uwanja wa Jamhuri, na huwa naumia kuwajibu harakaharaka.

Kuondoka kunavutia, ila ndiko kwenye hatari kubwa. Mkumbuke Feisal Salum, aliyekuwa kiungo wa Yanga. Desemba 2022 aliirudishia Yanga Sh milioni 112 akiamini amejinunua kutoka kwenye mkataba wake. Januari 2023 kamati ya TFF, shirikisho la soka nchini, ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Akakaa nje ya uwanja kwa miezi hadi katikati ya mwaka, Yanga na klabu ya Azam walipokubaliana ahamie Azam. Kwa kiungo wa umri wake, miezi ile ni mali iliyopotea.

Kanuni za FIFA hazimtupi asiyelipwa. Ukidai mishahara ya miezi miwili, iandikie klabu na uipe siku 15 za kulipa deni lote. Zikipita kimya, una sababu halali ya kuvunja. Ukiruka hatua hiyo ukaondoka ndani ya miaka 3 ya mwanzo, nawe ulisaini kabla ya kufikisha miaka 28, unaweza kufungiwa miezi 4 na kudaiwa fidia juu yake.

Kubaki ni polepole, lakini unaendelea kucheza na kuonekana. Hatari yake ni ahadi za mdomo: "vumilia, mdogo wangu, wiki ijayo." Mimi ningebaki, ila kila ahadi ningeitaka kwa maandishi, yenye tarehe na muhuri wa klabu.