Omeka S: ghala zuri, jukwaa la wastani

Omeka S, programu ya kuhifadhi na kuonesha makusanyo mtandaoni, haina haraka ya kukupendeza. Ukiifungua unakutana na fomu: jina la kazi, aliyeitengeneza, tarehe, maelezo, haki. Utaratibu huo ni wa Dublin Core, ule unaotumiwa na maktaba na makumbusho, na programu yenyewe ina asili ya wanahistoria. Omeka ya kwanza ilitolewa mwaka 2008 na watu wa Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani. Basi kanga iliyobuniwa na kijana wa mwaka wa mwisho inaandikishwa kwa umakini uleule wa bakuli la kale la Fort Jesus. Hilo ndilo lililonivuta, maana nafundisha ubunifu hapa Mombasa, na kazi za wanafunzi wetu zimezoea kuishia kwenye flashi ya mtu au kwenye stoo ya chini, ambako unyevu wa pwani hauna simile na karatasi.

Utamu wake uko kwenye violezo. Kila aina ya kazi unaitengenezea fomu yake na kuzipa sehemu zake majina unayotaka. Kwa kanga tumeweka pindo, mji na jina, kwani kanga isiyo na jina ni kitambaa tu. Kwa mlango wa nakshi tumeweka aina ya mbao, vipimo, na fundi aliyemwelekeza mwanafunzi. Fundi mmoja mzee wa Mji wa Kale alioneshwa kwenye simu jina lake likiwa pamoja na la mwanafunzi wake, akauliza, "Na nikifa litabaki?" Nikamwambia, "Litabaki, mzee wangu, maadamu seva inalipiwa."

Na seva hulipiwa kweli. Programu ni huria, haidai hata shilingi, lakini inataka seva, yaani kompyuta ya kuweka tovuti mtandaoni, yenye PHP (lugha ya programu) na MySQL (hifadhidata), pamoja na mtu asiyeogopa kuvigusa. Nani atalipa mwakani? Kamati ijibu hilo kabla picha ya kwanza haijapakiwa.

Tukija kwenye picha, Omeka S hutoa nakala tatu za kila moja. Kubwa yake ina pikseli 800 tu. Bango linasomeka, lakini ua la nakshi linageuka doa. Kipimo hicho hubadilishwa ndani ya faili la usanidi, si kwenye kurasa za msimamizi, na picha zilizokwishaingia hubaki na udogo wao. Kibadilishe mapema. Zile nakala ndogo za pikseli 200 lakini nazisifu: hufunguka upesi hata kwenye simu ya bei rahisi yenye bando la kuhesabu.

Kama jukwaa la kujionesha, sina sifa nyingi. Sura zinazokuja nayo ni za kistaarabu mno, na wanafunzi wangu wa katuni waliguna walipoona kazi zao zimepangwa kama faili za ofisi. Kilichoniokoa ni kwamba ghala moja linaweza kubeba tovuti nyingi. Darasa la kila mwaka lina yake, yenye sura yake, na mwalimu wa uchongaji amejiundia ya vinyago vya miaka yote bila kupakia kitu upya. Mwanafunzi naye hupewa ngazi ya kuhariri vyake tu, asiguse vya mwenzake. Hiyo imenipunguzia ugomvi.

Jambo la faragha limekaa vizuri pia. Binti mmoja alipiga picha za mamake akipika nyumbani kwao Majengo, zikatoka nzuri ajabu, kisha mama akakataa sura yake kuwekwa hadharani. Sikulazimika kufuta kitu. Kila kazi ina alama ya jicho. Unaibonyeza, inafichwa kwa wageni, na mtahini mwenye akaunti ya ngazi inayoruhusu bado anaiona na kutoa maksi. Mama akiridhika, jicho ni hilohilo.