Tahadhari: nyuzi feki za gitaa, pakiti za D'Addario na Elixir kwa bei ya kutupa Nairobi

Wapiga gitaa, fungueni macho kabla ya kutuma pesa. Kuna muuzaji anayezunguka kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook akinadi nyuzi za D'Addario na Elixir kwa shilingi 500 hadi 700 pakiti. Duka hana, mzigo unaletwa na boda. Nyuzi hizo ni feki: pakiti zinatofautiana, waya wa ndani ni uleule.

Bei peke yake inamuumbua. Elixir za gitaa la boksi (lisilo la umeme) huko Marekani kwenyewe ni zaidi ya dola 15, karibu shilingi 2,000 kabla ya usafiri na ushuru. Ofa gani itazishusha hadi 600 zikifika Nairobi?

Fungua pakiti mwenye boda akiwa bado amesimama, uhesabu. Seti ya boksi, tuseme 12-53 (unene wa uzi mwembamba na mnene kabisa, kwa elfu za inchi), ina nyuzi 2 tupu na 4 zilizoviringishwa waya. Ya gitaa la umeme, kama 10-46, ni 3 kwa 3. Jamaa huyu anatia za umeme ndani ya pakiti ya boksi, na anayeumia ni uzi wa tatu, G. Kwenye boksi huwa umeviringishwa, unene 24 (elfu za inchi). Wa umeme ni mtupu, 17. Briji ya boksi (kipande kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa) kwa kawaida imechongwa kwa hesabu ya G iliyoviringishwa. Ukifunga mtupu, utatuni vizuri ukiwa wazi (bila kubonyezwa), lakini ukipanda freti (vyuma vya shingoni) za juu sauti inakimbia juu na kodi (noti zinazopigwa pamoja) zote zinachacha.

D'Addario halisi huwa zimekunjwa pamoja kwenye mfuko mmoja uliozibwa, bila vibahasha vya karatasi, na vipete vya mwisho (vile vinavyoshika uzi kwenye briji) vina rangi: kuanzia uzi mwembamba ni fedha, zambarau, kijani, nyeusi, nyekundu, kisha dhahabu. Rangi huigizwa, kwa hiyo jaza pia ile namba ya pakiti ya ndani kwenye tovuti ya kampuni. Ikikataa, usifunge hata uzi mmoja.

Kupima nyuzi za boksi kwa sumaku juu juu ni kujidanganya. Uzi wa boksi huviringishwa bronzi lakini kiini chake ni chuma, kwa hiyo halisi na feki zote zinavutwa. Pima waya wa juu peke yake. Pinda uzi kona kali sentimita 3 kutoka ncha isiyo na kipete (usipopinda, uviringisho wote utalegea), kisha fumua kipande hicho kwa koleo na ukisogeze kwenye sumaku. Bronzi ni shaba na bati, au shaba na zinki, haivutwi. Kikinasa, umeuziwa chuma kilichopakwa rangi. Kwa gitaa la umeme kipimo hiki hakifai, maana waya wa juu wa nikeli unapaswa kunasa.

Ukiwa umeshafunga, piga hamoniki (gusa uzi kidogo bila kuubonyeza) kwenye freti ya 12, halafu bonyeza freti hiyohiyo upige tena. Programu ya kutuni kwenye simu isome noti moja. Kama gitaa lilikuwa sawa na nyuzi za zamani za unene uleule, na sasa uzi mmoja au miwili imeachana kwa senti 10 (senti 100 ni nusu toni) na zaidi, unene wa waya haulingani mwanzo hadi mwisho. Hapo usimlipe fundi akuchongee briji. Na unapokaza uzi wa kwanza, weka uso kando. Hizi hukatika kwenye msokoto ulio karibu na kipete.

Kibaya kuliko vyote, anawaambia wanaoanza kwamba nyuzi za chuma zinaingia gitaa lolote. Si kweli hata kidogo! Seti ya 12-53 inavuta takriban kilo 70, ya nailoni kama 40. Gitaa la klasiki, lililotengenezwa kwa nailoni, litang'oka briji au kupinda shingo.

Lipa baada ya kukagua. Akisisitiza M-Pesa kwanza, achana naye. Ukiwa umeshalipa, tunza pakiti, ujumbe wa malipo na picha za mazungumzo, upeleke kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi (ACA). Jina la akaunti hubadilishwa mara kwa mara, lakini picha ya tangazo haijabadilika: pakiti tano juu ya kitambaa cha bluu, ya katikati imechanika kona.