Dodoso la PHQ-9 kwa wanafunzi wa udaktari Moshi: zuri, lakini lina mianya

Kwa karatasi moja isiyouzwa, PHQ-9 ya Kiswahili, dodoso la kupima dalili za sonona (ugonjwa wa akili wa huzuni na kukata tamaa), inafanya kazi kubwa. Maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu alama 0 hadi 3, jumla 27. Kuanzia 10, mshauri akae na mhusika kuchunguza sonona. Tunaipa nyota nne kati ya tano.

Nyota ya tano inapotea wakati wa mitihani. Maswali ya 3, 4, 5 na 7 yanahusu usingizi, uchovu, hamu ya kula na umakini. Aliyekesha wiki mbili na anatomia anaweza kufikisha 12 kwa hayo manne tu. Basi yatazame mawili ya kwanza: kukosa hamu ya mambo, na huzuni au kukata tamaa. Yote yakiwa 0 au 1, usikimbilie kusema sonona. Pima malaria na wingi wa damu, mwambie alale, mpime tena baada ya wiki mbili.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: alama ndogo kwa mtu anayeumia. Anayeamini amerogwa, au kwamba ukoo una tambiko halijafanywa, hajioni kwenye neno huzuni. Atasema kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio. China wanalijua hili vizuri. Mwaka 1982 daktari wa akili Mmarekani, Arthur Kleinman, alichapisha matokeo ya wagonjwa 100 wa Hunan ambao madaktari waliandika kuwa wana ugonjwa uitwao udhaifu wa neva. 87 walikidhi vigezo vya sonona. Huko ugonjwa wa akili huishusha heshima ya familia nzima, na mwanafunzi wa udaktari wa kule huubeba mzigo huo kama mwenzake wa Kibosho au Rombo, ambako wakati wa posa huulizwa kama kwao kuna wendawazimu. Tena mwanafunzi wa udaktari anajua kila swali linatafuta nini, kwa hiyo akiogopa kuonekana hafai kuwa daktari, anajaza sifuri.

Dawa yake ni swali moja la mdomo kabla ya fomu: "Wewe unadhani hali hii imeletwa na nini, na nyumbani wanasemaje?" Andika maneno yake yalivyo. Usibishane naye kuhusu uchawi. Maombi aendelee nayo. Kama amepitia kwa mganga, uliza amepewa nini cha kunywa, maana baadhi ya mitishamba hugongana na vidonge vya sonona.

Fomu isikusanywe na kiongozi wa darasa wala mwalimu anayesahihisha mitihani. Ijazwe chumbani, mlango umefungwa, na mshauri asome swali la 9, la mawazo ya kufa au kujidhuru, kabla mwanafunzi hajanyanyuka. Jibu lolote lisilo 0 ni la kushughulikiwa siku hiyo hiyo, hata jumla ikiwa 3, na asiachwe arudi hosteli peke yake.